Carol Burnett na Wanawake wa Chumba Kimoja

Mara ya kwanza kumwona Eunice nilikuwa nimejiweka tayari kucheka. Ilikuwa usiku wa manane, simu mkononi, sauti nimeipunguza ili nisimwamshe mama aliyelala kitanda cha pili. Rafiki aliyenitumia kile kipande aliniahidi kwamba nitavunjika mbavu. Kwenye kioo walikuwepo watu watatu wamezunguka meza: mwanamke mwenye gauni la maua, mume wake, na mama yake mzazi, wanacheza mchezo wa kete unaofanana na ludo. Mwanamke ndiye anayetaka wacheze. Anachotafuta ni jioni moja tu ipite kwa raha. Lakini kete zikianza kufukuzana, ugomvi wa zamani nao unafukuliwa, na yule mama anampiga binti yake kijembe juu ya kijembe, kwa sauti ya mtu asiye na haraka. Watazamaji waliokuwa ukumbini wanaangua kicheko. Nami nilicheka. Kisha ikafika mahali nikajikuta nimeketi wima kitandani, koo limekaza, sijui niliacha kucheka saa ngapi. Niligeuka nikamtazama mama akipumua usingizini. Mimi naye tuna historia yetu ya vijembe, na si ya kuandikwa hapa.

Aliyemwigiza Eunice ni Carol Burnett, Mmarekani aliyeongoza kipindi chake cha televisheni kwa misimu 11, kuanzia 1967 hadi 1978. Tangu usiku ule nimetazama vipande vyake vingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na nimesoma na kusikiliza kila alichosimulia juu ya maisha yake nilichoweza kukipata. Wanaompenda humtaja kwa mambo matatu: ule ukelele wa Tarzan, yule mtu wa msituni wa kwenye filamu, kule kuvuta sikio la kushoto mwisho wa kipindi, na gauni la mapazia. Yote ni mazuri na nitayagusa. Lakini mimi naamini kazi kubwa ya maisha yake ni Eunice, na Eunice hakuanzia studio. Alianzia kwenye chumba kimoja cha kupanga, karibu na barabara ya Hollywood Boulevard, miaka ya 1940.

Carol alizaliwa tarehe 26 Aprili 1933 mjini San Antonio, jimbo la Texas. Baba yake, Joseph, na mama yake, Louise, wote wawili walikuwa walevi, na ndoa ikavunjika. Mtoto akabaki mikononi mwa bibi mzaa mama, Mabel White, ambaye Carol alimwita Nanny. Louise alitangulia California, na baadaye bibi na mjukuu wakamfuata. Wakapanga chumba kimoja chenye kitanda cha kukunjwa ukutani. Bibi alilala kwenye kitanda hicho, mjukuu alilala kwenye kochi. Louise aliishi jengo hilohilo, milango michache mbele, kwenye chumba chake mwenyewe. Nimeifikiria sana hiyo milango michache. Mama hayuko mbali hata ukashindwa kumfikia, wala hayuko karibu hata ukamwita wako.

Fedha zilikuwa za msaada wa serikali. Anasa yao ilikuwa sinema. Carol anasimulia kwamba yeye na bibi waliweza kuona filamu 8 kwa wiki moja, kwa kuwa siku hizo tiketi moja ilikupa filamu mbili. Wakitoka huko, Carol na binamu yake walirudi nyumbani kuigiza walichokiona. Binamu alikuwa mzuri wa sura, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa Jane, mpenzi wa Tarzan. Carol akawa Tarzan. Ule ukelele ambao baadaye watazamaji wangemwomba aupige wiki hadi wiki ulitokana na hapo: mtoto wa kike aliyekwisha kujua kwamba nafasi ya mrembo ina mwenyewe, akaichukua iliyobaki na kuipaza mpaka majirani wasikie.

Louise alitaka kuwa mwandishi. Alitamani kuwahoji wacheza filamu na kuandika habari zao kwenye magazeti, na alipata vibarua vichache vya namna hiyo kabla ya pombe kumzidi nguvu. Alimwambia binti yake kwamba vyovyote sura yako itakavyokuwa, kuandika utaweza siku zote. Nikiwa msichana ningeambiwa hivyo na mama yangu, sijui ningelibeba vipi neno hilo. Lina kipigo ndani yake. Lina na zawadi pia, maana Louise alikuwa akimpa bintiye kitu pekee alichokithamini kwa dhati. Carol alilibeba kama alivyolipokea, akaamua kwamba atasomea uandishi wa habari.

Alimaliza shule ya Hollywood High mwaka 1951. Chuo alichokitaka ni UCLA, chuo kikuu cha California mjini Los Angeles, na ada yake ilikuwa kiasi cha dola 43, fedha ambazo chumba kile hakikuwa nazo. Siku moja alikwenda kwenye sanduku la barua akakuta bahasha yenye jina lake, na ndani mna noti ya dola 50. Aliyeituma hakuandika jina. Akaenda chuo.

Huko akakuta shahada ya uandishi wa habari aliyoifikiria haipo kwa wanafunzi wa ngazi yake. Akajiunga na sanaa za maonyesho kwa nia ya kujifunza kuandika michezo ya kuigiza, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alilazimika kuchukua somo la kuigiza. Akapewa nafasi ya mwanamke wa kijijini milimani katika mchezo mfupi wa wanafunzi. Akaingia, akasema neno lake, ukumbi ukacheka. Amesimulia mara nyingi jinsi kicheko kile kilivyomgeuza. Mtoto aliyekaa miaka akisikiliza ugomvi ukutani amesikia kwa mara ya kwanza watu wengi pamoja wakifurahi kwa sababu yake. Sidhani alirudi nyuma tena baada ya hapo.

Kuna kazi ya muda aliyoifanya enzi hizo, ya kuwaonyesha watazamaji viti katika jumba la sinema. Alifukuzwa. Watu wawili walifika filamu ikiwa dakika za mwisho kabisa, naye akawasihi wasubiri onyesho linalofuata ili wasijiharibie utamu. Meneja hakupenda. Miaka ilipita, akaulizwa nyota yake kwenye njia ya watu mashuhuri ya Hollywood iwekwe wapi, akaomba iwekwe mbele ya jumba lilelile. Ndipo ilipo.

Mwaka 1954 yeye na mchumba wake, Don Saroyan, waliigiza kwenye karamu moja huko San Diego. Mgeni mmoja, mfanyabiashara, akawauliza wanataka nini maishani. Wakasema wanataka New York lakini hawana nauli. Akawakopesha dola 1,000 kila mmoja, bila riba, kwa masharti: wazirudishe ndani ya miaka 5, wasimtaje jina hadharani, na wakifanikiwa nao wawasaidie wengine. Carol alilipa kwa wakati, na jina hajalitaja.

New York haikumpokea kwa mikono miwili. Alipata kitanda kwenye hosteli ya wasichana waliokuwa wakitafuta kazi za jukwaani, iliyoitwa Rehearsal Club, na riziki akaipata kwa kupokea makoti na kofia za wateja mgahawani. Kila wakala aliyemwendea alimpa jibu lilelile: ukipata onyesho, nijulishe nije nikuone. Sasa onyesho utalipataje bila wakala? Basi mwaka 1955 akawakusanya wasichana wa hosteli, wakakodi ukumbi, wakatunga onyesho lao wenyewe, wakawapelekea mawakala mialiko. Mmetaka kutuona kwenye onyesho, haya, onyesho hili hapa. Mawakala wakaja. Napenda sana tukio hili, maana humu ndimo alimofunuka yule kiongozi wa baadaye. Watu humwona mtu wa bahati za bahasha na wafadhili, wakasahau kwamba mlango huu aliujenga kwa mikono yake, tena kwa ajili ya kundi zima.

Umaarufu wa kwanza ulikuja mwaka 1957 kwa wimbo wa kuchekesha wa msichana aliyezimia kwa mapenzi ya John Foster Dulles, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, mzee mkavu ambaye hakuna aliyewahi kumfikiria kwa macho hayo. Dulles alipoulizwa kwenye televisheni kuhusu binti huyo, alijibu kwamba mambo ya moyo hayazungumzi kamwe hadharani.

Mwanzoni mwa 1958 Louise alifariki. Pombe ilikuwa imemmaliza. Carol alikuwa na mdogo wake wa kike, mtoto wa Louise kwa mwanamume mwingine, naye alikuwa amemchukua aishi naye New York. Hakuwa na miaka 25, jina ndiyo kwanza linaanza kusikika, na tayari ni mlezi.

Mwaka 1959 akapanda Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, katika mchezo wa muziki wa hadithi ya binti mfalme asiye na adabu za kifalme, na mwaka huohuo akaingia rasmi kwenye kipindi cha televisheni cha Garry Moore. Hapo ndipo alipopata shule yake ya kweli. Moore alikuwa na desturi moja: wakiwa wanasoma maandishi mezani, akikuta ana mstari mtamu anaoona mwingine ataufanya vizuri zaidi, aliutoa. Mpeni Carol huu, mpeni fulani ule. Kipindi kilibeba jina lake, na yeye alikuwa akigawa vicheko kama anayegawa chakula mezani kwake. Carol aliondoka na desturi hiyo. Ukitaka kujua kwa nini wenzake walipendeza hivyo kwenye kipindi chake, anzia hapo.

Kituo cha CBS kikampa mkataba wa miaka 10 wenye kifungu cha ajabu. Ndani ya miaka 5 ya kwanza, akitaka, angeweza kuamuru apewe kipindi cha burudani mchanganyiko cha saa nzima, vipindi 30, na kituo hakikuwa na ruhusa ya kukataa. Mwisho wa mwaka 1966 muda ule ulikuwa umebakiza siku chache. Yeye na mumewe wa pili, Joe Hamilton, walikuwa wamenunua nyumba, wana mtoto mmoja mdogo na mwingine yuko njiani, na sebuleni wamekalia maboksi. Akapiga simu New York. Mkuu aliyeipokea alikuwa amekisahau kifungu, na kilipokumbukwa akamweleza kwamba vipindi vya namna hiyo ni mchezo wa wanaume, akamtajia majina ya wanaume waliovifanya. Wakampendekezea tamthilia ya vichekesho ya nusu saa badala yake. Carol akakataa. Alitaka wanamuziki, wachezaji ngoma, wageni, na vichekesho vifupi ambamo wiki hii ni malkia, wiki ijayo ni mfagizi. Hakutaka kuwa mtu mmoja kila juma.

Tarehe 11 Septemba 1967 kipindi chake kikaanza. Mwaka huohuo bibi yake alifariki. Ule mvuto wa sikio ulikuwa ishara waliyopatana tangu Carol alipoanza kuonekana kwenye televisheni: akivuta sikio, bibi ajue mjukuu hajambo na anampenda. Aliendelea kulivuta miaka yote 11. Sijui nilichukulieje jambo hili zaidi ya kulieleza lilivyo: kila kipindi, mbele ya taifa zima, alimsalimu marehemu wa chumba kile.

Sasa niseme kidogo juu ya utendaji, kwa kuwa siku hizi tumezoea vipande vinavyokatwakatwa na kuunganishwa mpaka mwigizaji mwenyewe hajui alianzia wapi. Kipindi kilirekodiwa Ijumaa, mara mbili, mbele ya watu halisi, onyesho la alasiri na la jioni, kisha vipande bora vya yote mawili vikachaguliwa. Carol alitaka mambo yaende kama jukwaani, bila kusimamasimama. Alivua joho, akavaa matambara, akabadili nywele bandia mbio, kwa sababu aliamini watazamaji wakisubirishwa sana wanapoa, na kicheko kilichopoa hakipashwi moto.

Kabla ya yote hayo, alitoka mbele ya pazia peke yake, bila uhusika wowote, taa za ukumbini zikawashwa, akawaambia watu waulize wanachotaka. Maswali hayakupangwa. Mwanzoni alikuwa na hofu nayo kuliko kitu kingine chochote. Wazo lilikuwa kwamba watu wamjue mwenyewe kwanza kabla hajajificha ndani ya mavazi, na lilikuwa wazo la busara kubwa. Ukishaona mtu ameulizwa jambo la kumkwaza na akacheka kwa dhati, ukamwona akiyumba kutafuta jibu, basi baadaye akija na meno bandia na kibyongo, unakuwa upande wake. Nimetazama dakika hizo za maswali zaidi ya mara moja kila nilipokuwa na siku ngumu. Anamsikiliza anayeuliza kwa uso wote.

Mavazi yalikuwa ya Bob Mackie, na huyu ninamhesabu kuwa mwandishi wa vichekesho kama waandishi wengine. Mwaka 1976 walifanya mzaha juu ya filamu ya Gone with the Wind, ambamo mwanamke aliyefilisika kwa vita anajishonea gauni kutokana na mapazia ya kijani ili mwanamume asijue shida yake. Maandishi yalitaka Carol atokee amejizungushia mapazia tu. Mackie akaona hiyo haitoshi. Akashona gauni zuri la mahameli ya kijani, kisha akaiacha ile fimbo ya pazia ndani yake, imepita mabegani kutoka upande hadi upande. Carol akashuka ngazi kwa fahari ya malkia. Kicheko kilikuwa kirefu hata ikabidi wangoje. Gauni lile leo limehifadhiwa Washington, katika taasisi ya makumbusho ya Smithsonian.

Kwa mhusika wa Bi. Wiggins, katibu muhtasi mvivu, Mackie alimpa sketi ya kubana sana ambayo nyuma ilikuwa imelegea. Carol alipotaka ipunguzwe, Mackie akamwambia abinue makalio aijaze, na hapo mwendo wa Bi. Wiggins ukazaliwa. Nakiri kwamba hiki si kipande ninachokirudia. Kumcheka msichana wa ofisini kwa kutokuwa na akili kumechakaa, na kuna vipande vingine vya kipindi kile, hasa vya kuigiza watu wa mataifa mengine, ambavyo leo navipita bila kuvitazama hadi mwisho.

Wenzake walikuwa Harvey Korman, Lyle Waggoner, Vicki Lawrence, na Tim Conway aliyekuwa mgeni wa mara kwa mara mpaka akawa mwenyeji mwaka 1975. Conway alikuwa na mbinu moja: onyesho la kwanza alifanya kilichoandikwa, la pili akamwaga mambo ambayo hakuna aliyeyajua. Kwenye kipande cha daktari wa meno anajidunga mwenyewe sindano ya ganzi, mkono unakufa, mguu unakufa, na Korman kwenye kiti cha mgonjwa anajikunyata kwa kicheko anachojaribu kukimeza. Wako wanaosema mwigizaji kucheka jukwaani ni kuharibu kazi. Kwa kawaida nakubaliana nao, na nimewaona wengi wanaojichekesha ili tuwaone wametoka nje ya uhusika. Korman hakuwa hivyo. Alikuwa akipigana kwa nguvu zake zote asicheke, na alikuwa akishindwa, na pambano lile lilikuwa la kweli kuliko kipande chenyewe.

Vicki Lawrence alifika kwa barua. Akiwa bado shuleni aliandika kwamba watu humwambia anafanana na Carol, akaambatisha habari ya gazetini iliyotaja shindano atakaloshiriki. Carol, akiwa mjamzito, akaenda kumtazama kwenye shindano hilo la mtaani. Akamchukua, ingawa binti hakuwa na uzoefu. Lile sharti la mfanyabiashara wa San Diego, la kuwasaidia wengine, sikulisahau niliposoma habari hii, na naamini Carol naye hakulisahau.

Ndipo mwaka 1974 waandishi wawili, Dick Clair na Jenna McMahon, walipoleta kipande kilichoitwa tu The Family. Walimwandikia Carol nafasi ya Mama, yule kikongwe mwenye ulimi wa upupu. Ungetazamia nyota wa kipindi ashike kikongwe, maana ndiko kwenye vicheko rahisi. Carol alisoma, akasema yeye anamtaka Eunice. Mama akapewa Vicki, aliyekuwa na miaka 25 hivi, mdogo kwa Carol kwa miaka 16. Yeye na Carol wakaleta lafudhi ya Kusini, ile aliyoisikia Carol kwa watu wake wa Texas.

Eunice ni nani? Ni mwanamke aliyeamini angekuwa mtu mkubwa wa jukwaani, akaishia kuwa mke wa Ed mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Anapenda mama yake amsifu, na mama hana sifa ya kutoa. Akiimba, wanazungumza juu ya chakula. Akilia, wanauliza nani amefunga mlango vibaya. Carol amesema mara nyingi kwamba alimwona Louise ndani yake: mwenye ndoto zilizooza kabla hazijaiva, na hasira isiyojua pa kutua.

Katika vipande vya familia ile hakuna utani ulioandikwa. Jaribu kutoa sentensi moja umsimulie mtu, haitamchekesha. Carol na Vicki wamesimulia kwamba kuna siku, kwenye mazoezi, waliigiza kipande kimoja bila lafudhi na bila madoido, kama tamthilia ya kawaida. Haikuchekesha hata kidogo. Ilikuwa huzuni tupu. Niliposikia hivyo nikaelewa kilichonipata usiku ule kitandani. Nilikuwa nimeisikia ile sauti ya chini, ambayo lafudhi na nywele bandia huifunika kwa kitambaa chepesi sana.

Na tazama anavyomwigiza. Carol hamcheki Eunice. Hamkonyezi mtazamaji kumwambia kwamba yeye binafsi si mjinga kama huyu. Eunice akiwa amevimba shingo kwa hasira, mikono ikipunga, macho yametoka, bado mtu unaiona nukta ndogo ya matumaini pembeni mwa mdomo, kwamba labda safari hii mama atasema neno jema. Mwaka 1982 walitengeneza onyesho maalumu la saa moja na nusu lililomfuata Eunice miaka mingi mpaka siku Mama alipofariki. Neno jema halikuja.

Nje ya studio, kile chumba kilimfuata kwa njia nyingine. Mwaka 1976 gazeti la National Enquirer lilichapisha kwamba alifanya fujo mgahawani, likidokeza amelewa. Mwingine angeiacha ipite. Yeye, mtoto wa walevi wawili, alilishtaki, na mwaka 1981 baraza la wazee wa mahakama likampa dola milioni 1.6. Jaji akazipunguza hadi 800,000, na rufaa ikazifikisha 200,000. Alitoa fedha kwa vyuo vikuu vya Hawaii na Berkeley kwa ajili ya masomo ya uandishi wa habari. Uandishi wa habari, kazi aliyoitamani Louise.

Tuzo nitazipita haraka. Kipindi kilipata tuzo za televisheni za Emmy zaidi ya 20. Aliamua mwenyewe kukifunga mwaka 1978, wakati kituo bado kilikitaka. Rais alimpa nishani ya uhuru mwaka 2005, na mwaka 2022, karibu na miaka 90, aliigiza katika tamthilia ya televisheni ya Better Call Saul kwa utulivu ulionishangaza. Kilicho muhimu kwangu kilitokea katikati.

Binti yake mkubwa, Carrie Hamilton, aliingia kwenye dawa za kulevya akiwa kijana mdogo. Familia ililisema hadharani wakati ambapo watu maarufu walikuwa wakificha. Carrie alipona, akawa mwigizaji na mwandishi. Mama na binti wakakaa kuandika mchezo wa jukwaani kutokana na kitabu cha kumbukumbu za Carol: bibi, mama, na msichana, katika chumba cha kupanga Hollywood. Januari 2002, kabla mchezo haujapanda jukwaani, Carrie alifariki kwa saratani, akiwa na miaka 38.

Carol aliendelea. Miezi michache baadaye mchezo ulifunguliwa Chicago, na mwisho wa Oktoba mwaka huo ukaingia Broadway. Haukudumu, ulifungwa mapema mwaka uliofuata. Lakini mwaka 2003, zilipotolewa tuzo za Tony za michezo ya Broadway, kutoka kwenye mchezo ule uliokwisha kufungwa lilisomwa jina moja, la Michele Pawk. Nafasi aliyoiigiza ilikuwa ya Louise.